Viambatisho vya barua pepe vilivyokataa kusawazishwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yule aliyetumiwa faili kwa barua pepe, akaihifadhi vizuri tu, kisha akaitafuta kwenye simu au kompyuta nyingine asiione, yaani faili haikusawazishwa: haikunakiliwa yenyewe kupitia intaneti hadi kwenye vifaa vyake vyote. Mifano ni ya hapa Nairobi: taarifa za benki, ankara za wateja, hesabu za chama, fomu za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Menyu za programu hubadilishwa kila mara, hivyo mahali pengi nimeeleza unachotafuta badala ya kukutajia kitufe ambacho huenda kesho kikapewa jina jingine.

Nimehifadhi kiambatisho kwenye laptopu. Mbona simu haikioni?

Kabla ya kulaumu usawazishaji, uliza faili iko wapi. Katika visa vingi ninavyoitiwa hakuna kilichoharibika. Faili haijawahi kuingia kwenye folda inayosawazishwa. Google Drive, OneDrive, Dropbox na huduma nyingine za kuhifadhi faili mtandaoni haziangalii kompyuta nzima. Zinaangalia folda zilizopewa, basi. Kivinjari nacho kikipakua kitu hukiweka kwenye folda iitwayo Downloads, na kwa kawaida hiyo haimo. OneDrive kwenye Windows inaweza kubeba eneokazi, hati na picha zako ukiiruhusu, lakini Downloads huiacha nje. Kwa hiyo unaweza kuwa na rundo la faili za kazi huko, alama ya wingu ikikuonyesha kila kitu kiko sawa, na kweli kiko sawa, kwa sababu programu haijui hata kama faili hizo zipo.

Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, usome njia yake yote tangu mwanzo. Kama hakuna mahali inapotaja OneDrive, Google Drive au huduma unayotumia, jibu umelipata. Ihamishie kwenye folda ya huduma hiyo na uipe dakika chache.

Kama tayari imo, fungua kivinjari, ingia drive.google.com au onedrive.com kwa akaunti ile ile, uitafute huko. Hatua hii huokoa muda kuliko nyingine yoyote nitakayoitaja hapa. Faili ikionekana kwenye kivinjari, laptopu imeshamaliza kazi yake na tatizo liko kwenye simu. Isipoonekana, iache simu kabisa. Tatizo liko kwenye laptopu au kwenye intaneti yake. Nimewaona watu wakifuta apu ya simu na kuiweka upya, wakizima na kuwasha, ilhali faili haijatoka hata kidogo kwenye kompyuta iliyo mezani.

Akaunti ni ile ile, nina uhakika.

Hakikisha kwa macho. Wengi wetu tuna akaunti mbili au tatu za Gmail: ya kazi, ya kibinafsi, na ile aliyokufungulia muuzaji wa simu dukani siku uliyoinunua, ambayo hata nenosiri lake hulijui. Ukibofya alama ya kuhifadhi kwenye Drive ndani ya barua, faili huenda kwenye Drive ya akaunti iliyopokea barua hiyo, si ile unayoipendelea. Gusa picha ndogo ya akaunti juu kulia, kwenye Gmail na kwenye Drive, kwenye kila kifaa, usome anwani herufi kwa herufi. Nukta haina maana kwenye anwani za gmail.com, lakini namba moja ikizidi hiyo ni akaunti nyingine kabisa.

Nilifungua jedwali la Excel moja kwa moja kutoka kwenye barua, nikajaza, nikahifadhi. Sasa kazi yote haipo.

Hili ndilo linaloumiza zaidi, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Chukua mweka hazina wa chama. Katibu amemtumia jedwali la michango kwa barua pepe. Amelibofya ndani ya Outlook, limefunguka, amekubali kuhariri kwenye ule utepe wa njano unaotokea juu, amejaza michango ya kila mwanachama hadi saa nne usiku, amebonyeza kuhifadhi na Excel haikulalamika. Asubuhi anafungua barua ile ile, jedwali ni tupu kama lilivyokuja. Anafungua simu, hakuna kitu. Anahisi amerogwa.

Kilichotokea ni kwamba Outlook ya kawaida ya kompyuta, unapofungua kiambatisho bila kukihifadhi kwanza, huweka nakala yake kwenye folda ya muda iliyofichwa ndani kabisa ya Windows. Michango yote iliandikwa kwenye nakala hiyo. Barua yenyewe haikuguswa, maana kiambatisho kilicho ndani ya barua hakibadiliki kwa sababu tu umehariri nakala yake, na ile folda ya muda hakuna huduma inayoisawazisha.

Likikupata, usizime kompyuta na usiendeshe programu yoyote ya kusafisha, kwa sababu nakala hizo zinaweza kufutwa Outlook inapofungwa. Fungua Excel peke yake, nenda kwenye orodha ya faili za hivi karibuni, chagua ile ya jana usiku. Ikifunguka, ihifadhi hapo hapo kwa jina jipya ndani ya folda inayosawazishwa. Isipofunguka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika mstari huu kama ulivyo:

%localappdata%\Microsoft\Windows\INetCache\Content.Outlook

Bonyeza Enter. Utakuta folda yenye jina la herufi na namba zisizosomeka. Ifungue, panga faili kwa tarehe, tafuta ile yenye saa ya jana. Ukiikuta, inakili nje kabla ya kuifungua. Usipoikuta huko wala kwenye orodha ya Excel, mwombe katibu daftari ukaanze upya. Wale wanaokuuzia programu ya kurejesha faili zilizopotea nisingewapa pesa kwa jambo hili.

Faili za zip, zile zinazofunga faili kadhaa kwenye kifurushi kimoja, zina mtego wa aina hiyo hiyo. Windows hukuruhusu kuchungulia ndani ya zip kana kwamba ni folda ya kawaida, na ukifungua hati ukiwa humo unapewa nakala ya muda. Fomu ya Excel ya marejesho ya kodi unayopakua kutoka iTax, tovuti ya kodi ya KRA, huja hivyo. Toa kwanza kila kilichomo, kiweke kwenye folda yako, ndipo ujaze. Karibu na tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya marejesho ya mwaka ya watu binafsi, swali hili huja kila siku.

Kwenye apu ya Gmail kuna alama mbili juu ya kiambatisho, mshale na ile ya Drive. Nibonyeze ipi?

Mshale huishusha faili hadi kwenye simu na kuiacha hapo. Haisawazishwi na chochote mpaka uipeleke mwenyewe.

Alama ya Drive huinakili faili kutoka Gmail hadi Drive huko huko kwenye seva za Google. Haipiti kwenye simu yako, kwa hiyo hata video ya mafunzo yenye MB 20 haikuli bando. Ukiwa na bando la kuhesabu, hiyo ndiyo njia. Ukishahifadhi, faili itakaa kwenye folda kuu ya Drive, na kama una vitu vingi humo itafute kwa jina au panga kwa tarehe. Mara nyingi watu husema haikuhifadhiwa kumbe imezama katikati ya nyingine.

Wenye iPhone wana swali pacha na hili. Unapohifadhi kiambatisho kwenye apu ya Faili, simu hukuuliza ukiweke kwenye iCloud Drive au ndani ya iPhone yenyewe. Ukichagua ya pili, faili itabaki kwenye simu hiyo tu.

Bando ninalo, WhatsApp inafanya kazi, lakini Drive inaniambia inasubiri.

Inasubiri Wi-Fi. Ndani ya mipangilio ya apu ya Drive kuna swichi ya kuhamisha faili kupitia Wi-Fi pekee, na kwenye simu nyingi nilizoshika iko imewashwa. Izime kwa muda, faili ipande, kisha uiwashe tena kabla hujaanza kupandisha picha za harusi.

Kama si hiyo, angalia kiokoa data na kiokoa betri. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa hujisifu kwa betri ya siku mbili, na namna mojawapo wanavyoipata ni kuzifunga apu zilizo nyuma ya pazia mara tu skrini inapozimika. Drive ikifungwa katikati ya kupakia, faili inabaki inasubiri. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta apu yako ya kuhifadhi, uiruhusu kufanya kazi bila vizuizi. Mambo yakishindikana kabisa, fungua apu, acha skrini ikiwaka, subiri hadi imalize. Si suluhisho la kujivunia lakini linafanya kazi.

Pia kuna Wi-Fi za mikahawani na za matatu. Simu inaonyesha imeunganishwa, ila mtandao haujafunguka kwa sababu kuna ukurasa wa kukubali masharti au kuweka namba ya simu ambao hukuuona. Apu za kusawazisha haziwezi kujaza ukurasa huo kwa niaba yako. Fungua kivinjari uone kama unajitokeza.

Ninaambiwa hifadhi imejaa, na sina faili nyingi.

Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na hizo hugawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha za Google. Kwa hiyo picha za miaka mitano ndizo zinazozuia ankara ya leo isipande. Zikijaa kabisa, huwezi kupakia faili Drive, na barua mpya nazo hazikufikii. Aliyekuandikia hurudishiwa ujumbe kwamba sanduku lako limejaa. Kwa mtu anayesubiri barua ya kuitwa kwenye usaili, hilo si jambo la kuahirisha.

OneDrive na iCloud zina GB 5 za bure, Dropbox GB 2. Watumiaji wa Outlook.com wakumbuke kwamba tangu Februari 2023 viambatisho vilivyo ndani ya barua zao vinahesabiwa kwenye zile GB 5.

Kupunguza ni rahisi kuliko inavyoonekana. Kwenye kisanduku cha kutafuta cha Gmail andika has:attachment larger:10M na utaletewa barua zote zenye viambatisho vizito. Futa zisizohitajika, kisha uende kwenye tupio ulisafishe kabisa. Lisiposafishwa, vitu hukaa humo siku 30 vikiendelea kuhesabiwa. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ukihifadhi kiambatisho kwenye Drive sasa una nakala mbili, moja kwenye barua na moja kwenye Drive, na zote zinakula nafasi. Kufuta moja hakufuti nyingine.

Faili moja tu ndiyo inakataa, nyingine zote zinapanda.

Tazama jina lake. OneDrive haikubali jina lenye alama hizi: " * : < > ? / \ | wala jina linaloanza au kuishia na nafasi tupu. Viambatisho vilivyopewa majina kwenye Mac au simu vinaweza kuja na alama hizo bila shida, vikakwama hapa. Tarehe na saa ndizo chanzo kikuu. Mtu ameandika "Kikao 14:30" na ile nukta mbili ikatosha kuikwamisha.

Urefu nao ni tatizo, hasa kwenye ofisi zinazofanya zabuni. Faili inaitwa kwa sentensi nzima, imewekwa ndani ya folda ya mteja, ndani ya folda ya mwaka, ndani ya folda ya kaunti, ndani ya folda ya nyaraka za mwisho kabisa toleo la pili. Programu nyingi za Windows bado hukwama njia nzima ikizidi herufi 260, na OneDrive ina kikomo chake cha herufi 400. Fupisha majina ya folda za juu kwanza, kwa sababu kila herufi unayopunguza huko inapungua kwenye faili zote zilizo chini yake.

Kama jina ni safi, angalia kama faili iko wazi kwenye Word au Excel, hapo kwako au kwa mwenzako. Ifunge, subiri kidogo. Vifaili vinavyoanza na ~$ ni alama ya hati iliyo wazi. Huondoka vyenyewe, usivisumbukie.

Zile alama za OneDrive kando ya faili zina maana gani?

Wingu la buluu: faili iko mtandaoni tu, kwenye kompyuta una jina lake pekee. Tiki ya kijani kwenye duara jeupe: imeshuka, unaweza kuifungua bila intaneti. Duara la kijani lililojaa lenye tiki nyeupe: umeagiza ikae kwenye kompyuta daima. Mishale ya buluu inayozunguka: kazi inaendelea. Duara jekundu lenye X: imekataa, bofya usome sababu.

Wingu la buluu ndilo huwanasa watu Desemba. Umefunga ofisi, umepanda basi kwenda nyumbani, umefika kijijini ambako mtandao unapatikana ukisimama karibu na tangi la maji, unafungua mkataba na laptopu inakwambia haiwezi. Kabla ya safari, bofya folda kwa kitufe cha kulia na uchague ibaki kwenye kifaa hiki daima. Google Drive ya kompyuta ina chaguo kama hilo, la kufanya faili zipatikane bila mtandao.

Laptopu yangu ni ya mtumba. Kila kitu kinakataa kuingia, hata nenosiri likiwa sahihi.

Itazame saa yake. Laptopu nyingi zinazouzwa katikati ya mji zimeletwa zikiwa zimeshatumika ng'ambo kwa miaka, na kijibetri cha saa kilicho ndani, mara nyingi kile cha mviringo kiitwacho CR2032, kimeshakufa. Ukichomoa chaja na betri kubwa ikiisha, kompyuta inarudi mwaka wa zamani. Ikiwa inaamini leo ni mwaka 2016, vyeti vya usalama vya tovuti zote huonekana kwake kana kwamba bado havijaanza kutumika, na hakuna huduma itakayokubali kuunganishwa. Kivinjari hukuonya kwa herufi kubwa, ilhali programu za kusawazisha hunyamaza tu. Weka tarehe sahihi, weka saa za Nairobi yaani UTC+3, kisha umpe fundi abadilishe hicho kijibetri. Ni kazi ndogo.

Umri wa Windows nao ni muhimu. OneDrive ya kibinafsi iliacha kusawazisha kwenye Windows 7, 8 na 8.1 tarehe 1 Machi 2022. Windows 10 nayo ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Na kama bado unaona programu ya zamani ya Google iliyoitwa Backup and Sync, hiyo ilifungwa Oktoba 2021. Iondoe, uweke Drive ya kompyuta.

Stima ilipotea faili ikiwa inapanda. Sasa inafunguka nusu, au inasema imeharibika.

Usihangaike kuitengeneza. Barua bado ina kiambatisho chako kizima, na huo ndio uzuri wa barua pepe. Futa nakala mbovu kila mahali, pakua upya kutoka kwenye barua, ihifadhi kwenye folda inayosawazishwa.

Ukitaka kuhakikisha, linganisha ukubwa wa faili kwenye kompyuta na ule wa kwenye kivinjari. Ikionyesha KB 0, haina kitu ndani. Ila usilinganishe na ukubwa wa barua yenyewe, kwa sababu kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi ili kisafiri ndani ya barua, na kila baiti tatu huwa herufi nne. Faili ya MB 18 huwa karibu MB 24 ndani ya barua. Hakuna kilichopotea njiani.

Faili ilikuwa inafunguka wiki jana. Leo naambiwa sina ruhusa.

Basi hicho hakikuwa kiambatisho. Gmail haitumi viambatisho vinavyozidi MB 25. Mtumaji akizidisha, hugeuzwa kuwa kiungo cha Drive. Ulichopokea ni njia ya kwenda kwenye faili iliyo kwa mwenyewe, naye ameifuta, ameihamisha au amekuondolea ruhusa. Mwombe tena, na safari hii tengeneza nakala yako siku hiyo hiyo.

Kuna nakala mbili za faili moja, moja ina jina la kompyuta mwishoni.

Vifaa viwili viliibadilisha kabla havijakutana. OneDrive huongeza jina la kompyuta, Dropbox huandika kwamba ni nakala yenye mgongano. Huduma hazithubutu kuamua nani yuko sahihi, na zinafanya vyema. Fungua zote mbili, uzipatanishe kwa mkono, ufute moja. Usifute kwa kuangalia tarehe pekee: aliyehifadhi mwisho huenda aliongeza nukta tu.

Tuna barua pepe ya kampuni. Viambatisho vinaonekana kwenye kompyuta ya mapokezi na si kwingineko.

Kompyuta hiyo imewekwa kwa POP3. Mfumo huo hushusha barua hadi kwenye kompyuta moja, na mara nyingi huzifuta kwenye seva baada ya hapo, pamoja na viambatisho vyake. Vifaa vingine vinakuta seva tupu. Badilisha iwe IMAP, ambayo huacha kila kitu kwenye seva na kuvionyesha vifaa vyote kitu kimoja. Lakini kabla ya kugusa chochote, nakili barua zote zilizo kwenye kompyuta ya mapokezi, maana huenda ndiyo nakala pekee ya barua za kampuni zilizobaki duniani. Nasisitiza hili kwa sababu fundi mwenye haraka hufuta akaunti ya zamani kwanza.

Programu ya barua inakataa nenosiri ambalo limefanya kazi miaka yote.

Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google haikubali akaunti binafsi kuingizwa kwa nenosiri la kawaida kwenye programu za zamani, na Microsoft ilifanya vivyo hivyo kwa akaunti za Outlook.com tarehe 16 Septemba 2024. Sasisha programu, kisha ingia kupitia dirisha la Google au Microsoft lenyewe. Kwa Gmail, programu isiyo na dirisha hilo inaweza kutumia nenosiri maalum la programu, ambalo unalitengeneza ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili.

Nimepokea kitu kinachoitwa winmail.dat.

Mtumaji anatumia Outlook katika muundo ambao programu yako haiusomi. Hata ukikisawazisha mara mia hakitafunguka. Mwambie atume tena kwa muundo wa HTML.

Taarifa ya M-Pesa imepanda Drive lakini haionyeshi kurasa.

Imefungwa kwa nenosiri, na usawazishaji umefanya kazi yake. Ipakue, uifungue kwa msimbo uliotumiwa. Wala usiandike msimbo huo kwenye jina la faili.

Kila kitu ni polepole leo, kwangu na kwa majirani.

Pengine si wewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikaburuta. Siku kama hiyo acha kompyuta ikiwaka, faili zitapanda usiku. Usibadilishe mipangilio, kwa sababu mtandao ukirudi utakuwa umebaki na tatizo ulilojitengenezea.

Naweza kutumia saiba kupakua na kusawazisha?

Kupakua na kuchapisha, ndiyo. Kusawazisha, hapana. Usikubali kuweka akaunti yako kwenye programu ya Drive au OneDrive ya kompyuta ya saiba hata kama mhudumu anasema itarahisisha. Faili zako zote zitaanza kushuka kwenye mashine inayotumiwa na kila mpita njia. Tumia dirisha la faragha la kivinjari, ukimaliza toka kwenye akaunti, kisha ufute faili kwenye Downloads na kwenye pipa la takataka. Jaribu kufungua folda ya Downloads ya saiba yoyote uone ni nakala ngapi za vitambulisho, vyeti vya PIN na wasifu wa watu zimelala humo.

Ukishughulikia nyaraka za wengine, kwa mfano unawajazia watu fomu au unasimamia sacco, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakuhusu. Kusawazisha nakala za vitambulisho vya wateja kwenye akaunti yako ya kibinafsi, ambayo mtoto anachezea michezo kwenye simu ile ile, ni jambo ambalo ungepata tabu kulieleza.

Nimeacha kazi, akaunti ya ofisi imefungwa. Viambatisho nilivyohifadhi bado vipo kwenye laptopu yangu?

Vile vilivyokuwa na wingu la buluu havipo. Ulikuwa na majina tu. Vilivyokuwa vimeshuka vinaweza kubaki, isipokuwa kama msimamizi wa ofisi ameagiza vifutwe kwenye kifaa, jambo analoweza kulifanya akiwa mbali. Nyaraka za kampuni ni za kampuni. Zako binafsi, kama hati za mshahara na fomu za P9 zinazoonyesha kodi uliyokatwa kwenye mshahara kwa mwaka, ziombe kwa maandishi kutoka idara ya wafanyakazi, wakutumie kwenye anwani yako ya kibinafsi. Utazihitaji kufikia Juni.